King'ora Kikilia Katanika, Kiwe na Sababu

Katanika iko nje kidogo ya mji wa Kalemie, na wengi waliohamia huko miaka ya karibuni hawakuja kwa kupenda. Walikimbia. Mapigano kati ya Watwa na Waluba yalipopamba moto katika jimbo la Tanganyika nchini Kongo, hasa mwaka 2016 na 2017, watu maelfu kwa maelfu waliacha vijiji na mashamba yao wakatafuta hifadhi kandokando ya Kalemie. Katanika ikawa mojawapo ya maeneo yaliyowapokea. Jimbo lenyewe lilikuwa bado changa, maana lilizaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa.

Mtu aliyewahi kuamshwa na milio ya risasi halali tena usingizi mzito. Kelele ya ghafla saa nane za usiku humkuta amekwisha kaa kitako, anapapasa gizani kuhakikisha watoto wote wapo. Gari la jirani likipayuka bila sababu, kwake usiku umekwisha. Hata king'ora kikinyamaza baada ya dakika moja, moyo wake hautulii kwa dakika moja.

Naanza na jambo hili kwa sababu watu wengi wanaofunga alamu kwenye magari huuliza bei na ukubwa wa sauti, basi. Hawaulizi nani atakayeisikia. King'ora hakina mikono ya kumkamata mwizi. Kazi yake ni kuita watu. Katika miji ya mashariki mwa Kongo, Goma na Bukavu kwa mfano, raia wamejizoesha kupiga filimbi na kugonga masufuria wezi wanapoingia usiku, nyumba moja inaanza na mtaa mzima unaitikia. Mpango huo hufanya kazi kwa sababu hakuna anayegonga sufuria ovyo. Siku watu watakapozoea kwamba kelele haina maana, hawatatoka, na siku hiyo mwizi atafanya kazi yake kwa raha mbele ya king'ora kinacholia.

Kwa hiyo king'ora kinachostahili kufungwa Katanika ni kile kinachonyamaza mwaka mzima kisha kikalia dakika ile moja kinapohitajika, bila kukoroma, bila kukwama. Kunyamaza na kulia, yote mawili yanategemea umeme: unachukuliwa wapi, unapita kwenye waya gani, na unarudije kwenye betri.

Magari yanayofika Kalemie yamesafiri mbali. Mengi ni ya Kijapani yaliyokwisha tumika kwingine, na mengi ya hayo usukani wake uko kulia ingawa Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Njia moja kubwa ya bidhaa ni bandari ya Dar es Salaam, kisha Kigoma, kisha meli au boti kuvuka Ziwa Tanganyika. Gari likishuka bandarini mara nyingi lina alamu ya mwenye gari wa kwanza au wa pili, rimoti imepotea, nusu ya nyaya zimekatwa na kufungwa kwa tepu iliyokwisha kukauka. Fundi wa hapa anarithi fumbo hilo. Akiwa na haraka, anaunganisha kipya juu ya cha zamani.

Niliwahi kusimama karibu na fundi mmoja aliyeletewa gari aina ya Noah ambalo king'ora chake kilikuwa kinakoroma badala ya kulia. Mwenye gari alikuwa amekwisha nunua king'ora kingine, yuko nacho mkononi ndani ya boksi. Fundi hakukipokea. Alifungua boneti, akaweka mita kwenye betri: volti 12 na nusu, betri nzima. Akamwambia mwenye gari abonyeze rimoti king'ora kilie, akahamisha ncha za mita hadi kwenye nyaya za king'ora chenyewe. Volti 9 na kidogo.

“Papa, king'ora chako si kibovu,” akasema. “Kina njaa.”

Kisha akaanza kutafuta chakula kilikopotelea. Waya wa kuleta umeme ulikuwa mwembamba, wa aina inayofungwa kwenye spika za redio, na ulikuwa umeunganishwa sehemu mbili kwa kusokota tu na kuzungushia tepu. Waya wa kurudisha umeme, ule mweusi, ulikuwa umebanwa kwa skrubu juu ya rangi ya gari. Fundi akakwangua rangi hadi bati likang'aa, akabana upya kwa bolti na washa yenye meno, akapaka grisi juu ili kutu isiingie. Hilo peke yake lilirudisha zaidi ya volti moja. Alipobadilisha waya mwembamba, king'ora kililia hadi tukaziba masikio. Kile cha boksini kikarudishwa dukani.

Hesabu iliyo nyuma ya tukio hilo si ngumu. Waya wa shaba wenye unene wa nusu milimita ya mraba, ukiwa na urefu wa mita tano, una ukinzani wa karibu omu 0.175. King'ora kidogo kinachovuta ampea moja kitapoteza humo chini ya volti 0.2, hasara isiyosikika. Lakini ukiutumia waya huohuo kulisha klaksoni mbili zinazovuta ampea 10, volti 1.75 zinaishia njiani, zinakuwa joto ndani ya waya. Waya wa milimita 2.5 za mraba, urefu uleule, unapoteza volti 0.35 tu. Hapo bado hatujahesabu viungo vilivyosokotwa, na ndivyo vinavyokula zaidi. Angalia pia waya wenyewe: siku hizi zinauzwa nyaya za alumini zilizopakwa shaba juu. Kwangua kwa kisu; ukiona weupe ndani, ujue umenunua waya unaopitisha umeme kwa shida zaidi kuliko shaba ya unene huo, na unaokatika upesi ukipindwapindwa.

Ving'ora navyo havifanani. Vidogo vya kisasa vina kisahani cha kauri kinachotetemeka kikipitishiwa umeme. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, waligundua tabia ya kinyume chake: baadhi ya mawe yakibanwa hutoa umeme. Ving'ora vya namna hii hula umeme kidogo, mara nyingi chini ya nusu ampea, na vina sauti kali nyembamba. Aina ya pili ina sumaku na koili kama spika, ndani ya tarumbeta ya plastiki. Kilichoandikwa wati 20 kitavuta karibu ampea 1.7 kwenye volti 12. Halafu kuna wanaotaka alamu ipige klaksoni ya gari, na huko tunaongelea ampea tano kwa klaksoni moja, au zaidi.

Tofauti hiyo ndiyo inayoua alamu nyingi. Kisanduku cha alamu, kile kinachopokea amri ya rimoti, kina waya wa kutoa umeme wa king'ora, na waya huo una kikomo chake, kwa kawaida ampea moja hadi tatu. Karatasi iliyo ndani ya boksi hukitaja. Ukining'iniza king'ora kimoja kidogo hapo, hakuna shida. Ukiongeza cha pili, kisha klaksoni, kisanduku kinaungua na mwenye gari analaumu alamu ya Kichina.

Dawa yake ni rilei, kile kikopo kidogo cheusi chenye miguu minne au mitano. Kazi yake ni kama ya bawabu: mkubwa anatoa amri kwa sauti ndogo, bawabu ndiye anayesukuma lango zito. Namba zilizoandikwa kwenye miguu yake zinafanana kwenye karibu kila rilei ya magari duniani, kwa kuwa zinafuata kanuni moja ya Kijerumani. Mguu wa 30 unapokea umeme kutoka kwenye betri kupitia fyuzi. Mguu wa 87 unakwenda kwenye king'ora. Mguu wa 86 unapokea amri kutoka kwenye kisanduku cha alamu, na wa 85 unakwenda kwenye bodi ya gari. Ukikuta 87a, uache peke yake na uuzibe, maana huo una umeme wakati rilei imelala, na aliyekosea akaunganisha hapo atapata king'ora kinacholia muda wote isipokuwa mwizi anapokuja.

Kuna kitu kingine kidogo ambacho mafundi wengi hukiruka. Koili ya rilei ikikatiwa umeme ghafla hurudisha pigo la volti zinazoweza kupita 100, kwa muda mfupi mno, na pigo hilo linaingia moja kwa moja kwenye kisanduku cha alamu. Daiodi moja ya aina ya 1N4007, ikifungwa kati ya 85 na 86, mstari wake ukielekea upande wa chanya, inalimaliza. Ni kifaa cha bei ndogo kabisa katika kazi nzima, na hupatikana hata ndani ya redio mbovu.

Sasa fyuzi. Hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini, maana hili si suala la sauti nzuri au mbaya. Betri ya gari ikiguswa chanya na hasi kwa waya inaweza kutoa mamia ya ampea. Waya wa king'ora hauwezi kubeba hata sehemu ya kumi ya hizo. Unakuwa mwekundu ndani ya sekunde chache, ganda la plastiki linashika moto, na moto huo uko chini ya boneti, karibu na petroli, wakati gari limeegeshwa na hakuna mtu ndani. Katika eneo lenye vibanda vya nyasi na maturubai vilivyobanana, na bomba la maji lililo mbali, moto wa gari moja hauishii kwenye gari hilo.

Ndiyo maana fyuzi hukaa karibu na betri, isizidi shibiri moja kutoka kwenye kichwa chake cha chanya. Ukiiweka mwisho wa waya, karibu na king'ora, umelinda king'ora na kuacha mita nne za waya bila ulinzi wowote, wakati waya ndio unaosuguliwa na bati kila gari linaporuka shimo. Na barabara za kutoka Kalemie kwenda Nyunzu zina mashimo yake. Kwa king'ora cha wati 20 inatosha fyuzi ya ampea 3 au 5. Ile ya 3 ni ya zambarau, ya 5 ni ya rangi ya mchanga. Klaksoni mbili zinahitaji 15, ya buluu, pamoja na waya mnene unaolingana. Fyuzi ikiungua mara mbili, kuna kosa mahali fulani, na kosa litafutwe. Aliyezungushia karatasi ya fedha ya sigara, au kipande cha waya, ameondoa mlinzi pekee na kumweka maiti mlangoni.

Mahali pa kuchukua umeme napo pana ubishi. Wako wanaochukua kwenye waya wa redio au wa waipa kwa kuwa uko karibu. Nyaya za namna hiyo nyingi hufa ufunguo ukitolewa, na alamu hutakiwa hasa baada ya ufunguo kutolewa. Chukua kwenye betri yenyewe, pitisha kwenye fyuzi, kisha waya uingie ndani ya gari kupitia tundu lenye mpira, usipite kwenye ukingo mkali wa bati. King'ora chenyewe kielekeze mdomo chini, mbali na bomba la moshi, mahali ambapo mkono wa mtu aliyelala chini ya gari haufiki. Mvua za huku huanza Oktoba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Tarumbeta inayotazama juu hujaa maji wiki ya kwanza.

Mwizi anayejua kazi hashughuliki na king'ora. Anakata waya wa betri. Kwa ajili yake vimetengenezwa ving'ora vyenye betri ndogo ndani yake: waya mmoja unakuja moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia fyuzi, mwingine unakwenda kwenye bodi, wa tatu unaleta amri. Umeme wa gari ukikatwa, king'ora chenyewe kinaanza kulia kwa nguvu zake. Wazo ni zuri sana, na kwa gari linalolala mjini Kalemie nalipendekeza.

Katanika nasita. Betri ya gari huku hutolewa mara kwa mara. Inapelekwa kuchajiwa, pengine kwenye paneli ya jua ya mtu. Pengine inaazimwa usiku mmoja kuwasha taa kwenye msiba. Kalemie hupata umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, kutoka kituo cha Bendera kwenye mto Kyimbi, upande wa kaskazini, lakini waya wa SNEL haumfikii kila mtu. Kila betri inapotolewa, king'ora chenye betri yake kitapiga kelele, isipokuwa mwenye gari awe amekizima kwanza kwa ule ufunguo mdogo unaokuja nacho. Ufunguo huo ndio wa kwanza kupotea. Anayekinunua na autengenezee kamba ya kuuvaa shingoni, au asikinunue. Ajue pia kwamba ile betri ya ndani huchoka baada ya miaka michache, na mara nyingi hakuna anayekumbuka kuibadilisha.

Alamu iliyolala nayo hula. Nyingi huvuta kati ya miliampea 10 na 20 usiku na mchana. Kwa miliampea 20, siku moja ni karibu nusu ampea-saa, na mwezi mzima ni zaidi ya 14. Betri mpya ya ampea-saa 45 itastahimili. Betri kuukuu iliyobaki na 25 haitawasha gari baada ya mwezi wa kukaa. Kwenye pikipiki za abiria, ambazo huku ni nyingi kuliko magari, betri huwa na ampea-saa 5 au zaidi kidogo. Alamu ya miliampea 10 tu inakula nusu yake ndani ya siku kumi. Mwenye pikipiki inayofanya kazi kila siku hana wasiwasi. Anayeiacha ndani kwa wiki mbili kwa sababu ya ugonjwa au safari, azime alamu.

Betri ikidhoofika linakuja jambo baya zaidi kuliko gari kutowaka. Volti zikishuka sana, kisanduku cha alamu huchanganyikiwa, kinajizima na kujiwasha, na baadhi ya visanduku vikijiwasha vinapiga king'ora. Ving'ora vinavyolia usiku “vyenyewe” mara nyingi ni betri iliyochoka, au swichi ya mlango iliyoshika kutu, au kitambuzi cha mtikisiko kilichofunguliwa kupita kiasi hadi mbuzi akijikuna kwenye tairi gari linapiga yowe. Kitambuzi hicho kina skrubu ndogo ya kukirekebisha. Gonga kioo kwa kiganja: kisilie. Gonga kwa ngumi: kilie. Zoezi hilo halichukui dakika tano, lifanyike mchana, majirani wakiwa wameambiwa.

Ulaya wameliwekea jambo hili sheria. Kanuni ya Umoja wa Mataifa kuhusu alamu za magari inataka sauti iwe kati ya desibeli 105 na 118 ikipimwa umbali wa mita mbili, na mlio uishe ndani ya sekunde 30. Namba za maboksini, 120 au 125, hupimwa namna mbalimbali na hazina maana kubwa. Sauti mahali pa wazi hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu, hivyo king'ora cha 110 kwa mita moja kinafika mita 100 kikiwa na 70 hivi, sawa na mtu anayeongea kwa nguvu karibu nawe. Usiku wa Katanika, bila kelele za magari, hiyo inatosha kuamsha mtaa. Mwenye kutafuta king'ora kikubwa zaidi anatafuta kumwamsha mtu asiyeweza kumsaidia.

Neno moja kuhusu milio. Ving'ora vya bei nafuu vina sauti sita zinazopokezana, na mojawapo inafanana na ya gari la wagonjwa. Magari ya wagonjwa hupita barabara ya Katanika kwenda Kalemie, na watu wanayapisha kwa kuisikia sauti hiyo. Chagua king'ora cha mlio mmoja. Baadhi ya vile vya sita vina waya mdogo uliopinda kama kitanzi, ambao ukikatwa hubaki mlio mmoja. Kikilia, jirani ajue ni gari la nani.

Kwa hiyo wewe unayekwenda kwa fundi wiki hii, kabla hujatoa pesa mwambie afungue boneti mbele yako. Akuonyeshe fyuzi kwa kidole, karibu na betri. Akuonyeshe mahali waya mweusi umebanwa kwenye bati lisilo na rangi. Kisha king'ora kilie, aweke ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye waya wa chanya wa king'ora: mita isome chini ya nusu volti. Afanye hivyohivyo upande wa hasi. Fundi anayejua kazi yake atafurahi kuulizwa. Asiyeweza kukuonyesha hayo matatu, usimlipe.